UDONGO UNAOFANANA SI WA UMRI MMOJA
Somo: Jinsi visukuku vidogo vinavyotaja umri wa miamba



Kati ya mwaka 2002 na mwaka 2009, wataalamu walifika kwa vipindi katika vijiji vya Kilwa na Lindi wakiwa na mtambo wa kuchoronga ardhi. Walitoboa mashimo membamba yaendayo chini sana. Walitoa udongo mgumu wa kijivu, wakaupanga katika masanduku, wakauandika namba, wakaondoka nao.

Mtu akiona hivyo ataacha kuuliza? "Wamepata dhahabu? Kama si dhahabu, tope hili la nini?"

Ni swali la haki. Kitu kikichukuliwa katika ardhi ya kijiji, wenyeji wanapaswa kujua ni kitu gani na kina kazi gani. Asiyejua hubaki na uvumi, na uvumi huzaa ugomvi. Basi somo la leo linajibu swali hilo. Lisomeni polepole, na katika kundi lenu msimame kila sehemu mkajadiliane.

1. MIAMBA YA MASHAPO HUJENGWAJE?

Teka maji ya mto wakati wa masika, uyaweke mtungini. Kesho yake maji ya juu yametakata, na chini kuna tope. Tope hilo limetuama. Lile lililotuama tunaliita mashapo.

Bahari nayo ni mtungi mkubwa. Mto Rufiji ukifurika hubeba udongo mwingi hadi baharini. Udongo huo hutuama chini. Mwaka unaofuata udongo mwingine huja juu yake. Tabaka hulala juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Uzito wa tabaka za juu hukandamiza za chini, mpaka zinakuwa mwamba. Huo ndio mwamba wa mashapo.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza: tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Mkeka wa chini ndio uliotandikwa kwanza. Kanuni hii haifuatwi pale tu ambapo ardhi imekunjwa au kupinduliwa na nguvu za chini.

Lakini kanuni hii peke yake haitoshi. Hebu fikirini. Mmechoronga shimo moja Kivinje na jingine Pande. Mashimo yote mawili yametoa udongo wa mfinyanzi wa kijivu. Rangi ni karibu moja, na hata ukiushika mkononi ni vilevile. Je, udongo huo ni wa wakati mmoja?

Jicho litasema ndiyo. Jicho litakosea.

2. MFANO WA SARAFU KATIKA JALALA

Tuseme nyuma ya nyumba ya zamani kuna shimo la taka. Familia imetupa taka humo kwa miaka mingi. Leo mnalichimba taratibu.

Chini kabisa mnakuta heleri ya Wajerumani. Heleri zilianza kutolewa mwaka 1904. Juu yake mnakuta shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921. Juu zaidi mnakuta shilingi ya Tanzania, iliyoanza mwaka 1966.

Taka zote ni majivu na maganda ya mihogo. Ukiyatazama majivu tu, huwezi kujua ni ya mwaka gani. Lakini sarafu zinasema. Tabaka lenye shilingi ya Tanzania haliwezi kuwa la kabla ya mwaka 1966, maana kitu ambacho hakijatengenezwa hakiwezi kutupwa.

Sasa jirani naye analo shimo lake, mwendo wa saa nzima kutoka hapo. Akikuta humo heleri tupu, bila sarafu nyingine yoyote, mtasema tabaka lile linalingana na lile la chini la kwenu. Hamkuhitaji kuunganisha mashimo hayo kwa mtaro. Sarafu zimeyaunganisha.

Wazee wetu hufanya hivyo kwa maneno. Mtu husema, "Babu alizaliwa wakati wa Maji Maji." Hakutaja mwaka, lakini mnajua ni kati ya 1905 na 1907. Tukio moja linalojulikana na wote hushika mahali pa kalenda.

Basi miamba nayo inazo sarafu zake. Sarafu hizo ni mabaki ya viumbe.

3. VIUMBE VYENYEWE NI VIPI?

Mabaki ya kiumbe cha kale yaliyohifadhiwa katika mwamba huitwa kisukuku. Wengi wamesikia habari za mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Ile ni visukuku vikubwa. Lakini mfupa wa dinosaria haupatikani kila shimo. Ukichoronga shimo jembamba kama mkono wa mtu, utakuwa na bahati gani ya kugonga mfupa?

Viko visukuku vidogo sana, na hivyo ndivyo vyenye faida hapa. Vinavyotumiwa sana huitwa foraminifera. Ni jina gumu kidogo. Litamkeni kwa vipande: fo-ra-mi-ni-fe-ra.

Foraminifera ni kiumbe cha baharini chenye seli moja tu. Hakina mdomo wala macho. Lakini hujijengea kijumba kigumu, na wengi hukijenga kwa chokaa. Kijumba huwa na chumba kimoja, kisha kingine, kisha kingine, kadiri kiumbe kinavyokua. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya ulezi. Wengine huelea karibu na uso wa bahari, na wengine huishi chini kabisa. Hata leo wako hai baharini.

Kiumbe kikifa, kijumba huzama na kufunikwa na tope. Kwa hiyo ngumi moja tu ya mfinyanzi wa Kilwa yaweza kuwa na vijumba vingi sana. Ndiyo sababu shimo jembamba latosha.

Wako foraminifera wachache wakubwa wanaoonekana kwa macho. Mmoja ni namuliti, mwenye umbo la sarafu. Mawe mengi ya piramidi za Misri yamejaa namuliti. Karibu miaka 2,000 iliyopita, msafiri Mgiriki jina lake Strabo aliandika kwamba watu wa huko waliambiana kuwa vile vidude ni dengu zilizogeuka mawe, mabaki ya chakula cha wajenzi.  Mnaona? Swali la "hiki ni nini?" ni la zamani sana.

4. KWA NINI VIJUMBA VINATAJA UMRI?

Kwa sababu tatu.

Kwanza, aina za viumbe hazikai milele. Aina moja hutokea, huenea, kisha hutoweka. Ikishatoweka hairudi tena.

Pili, wale wanaoelea hubebwa na mikondo ya bahari. Aina moja huenea katika bahari nyingi za dunia kwa muda ambao, ukilinganisha na umri wa miamba, ni mfupi.

Tatu, kila aina ina umbo lake. Mtaalamu huwatambua kama mfugaji anavyotambua ng'ombe wake.

Tuchukue mfano wa aina mbili zilizopatikana katika mfinyanzi wa pwani yetu.

Wa kwanza ni Morozovelloides. Ana umbo la pia, na ukingo wake una vijino. Jamii yake ilitoweka yapata miaka milioni 38 iliyopita.

Wa pili ni Hantkenina. Vyumba vyake vimepangwa kwa duara, na kila chumba kina mwiba mrefu. Ukimtazama utadhani ni nyota. Alianza kuonekana miaka milioni arobaini na kitu iliyopita, na akatoweka yapata miaka milioni 34 iliyopita.

Sasa fanyeni hesabu. Tabaka likiwa na Hantkenina na Morozovelloides pamoja, lina umri unaozidi miaka milioni 38. Likiwa na Hantkenina, lakini Morozovelloides hayumo kabisa, basi liko kati ya milioni 38 na milioni 34. Wote wawili wakikosekana, na badala yao wako wale waliokuja baadaye, tabaka ni jipya zaidi ya milioni 34.

Kwa njia hii wataalamu waliupanga mfinyanzi wa Kilwa. Mwaka 2006 waliandika kwamba una mafungu manne, wakayapa majina ya mahali petu. Kutoka la chini kwenda la juu ni Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Fungu la Nangurukuru linaanzia zama ambazo dinosaria walikuwa bado hai, na dinosaria walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Fungu la Pande limefika kwenye ile milioni 34 na kuivuka. Mfinyanzi unafanana, lakini tofauti ya umri ni mamilioni ya miaka.

Miaka hiyo ni mingi kiasi gani? Tuseme hatua moja ya mguu ni miaka 1,000. Jumba la Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, lilijengwa katika karne ya 14. Kulifikia huhitaji hata hatua moja nzima. Kumfikia Hantkenina wa mwisho utapiga hatua 34,000. Huo ni mwendo wa kilomita zipatazo 25.

5. KAZI YENYEWE HUFANYWAJE?

Mtambo hukata mwamba na kuutoa kama kipande kirefu cha mviringo, mfano wa mchi. Kipande huandikwa kina chake: mita 10, mita 50, mita 100. Bila kina, udongo huo hauna maana tena. Ni sawa na barua isiyo na tarehe wala jina la mwandishi.

Kisha sampuli ndogo hukatwa, hukaushwa, na hulowekwa majini mpaka ivunjike. Baadaye huoshwa juu ya chekeche yenye matundu madogo sana. Tope hupita, vijumba hubaki. Vikishakauka, mtaalamu huvimwaga kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Huokota kijumba kimoja kimoja kwa ncha ya brashi iliyolowanishwa. Ni kazi ya subira, kama kuchambua mchele.

Mfinyanzi wa Kilwa una sifa ya pekee. Ni mzito, na haupitishi maji kirahisi. Mahali pengi duniani, maji yaliyo katika mashapo huviharibu vijumba vya kale, navyo huwa vyeupe kama chaki. Vya Kilwa vimebaki vinang'aa kama kioo. Ndiyo sababu wataalamu wa mbali walifunga safari kuja kwetu. Walifanya kazi hiyo pamoja na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Mmoja wa wataalamu wa shirika hilo alikuwa Joyce Singano. Aina moja ya Hantkenina imepewa jina lake: Hantkenina singanoi. Kwa hiyo jina la Mtanzania limo katika orodha ya viumbe inayosomwa na wataalamu wa dunia nzima.

6. TAHADHARI: WADANGANYIFU WAWILI

Ushahidi wowote waweza kupotosha, na huu pia.

Mdanganyifu wa kwanza ni kijumba cha kale kilichohama. Mto au wimbi laweza kumega mwamba wa zamani na kupeleka vijumba vyake katika tope jipya. Ni kama mtu aliyeitunza heleri ya babu yake, akaidondosha jalalani mwaka 1970. Heleri ni ya zamani, lakini taka ni mpya.

Mdanganyifu wa pili ni kijumba kipya kilichoporomoka. Wakati wa kuchoronga, vipande vya kuta za juu huweza kuanguka hadi chini na kuchanganyika na vya kale.

Kwa hiyo mtaalamu hategemei kijumba kimoja. Hutazama jamii nzima, tena katika sampuli nyingi zinazofuatana. Hupenda zaidi kile kipande kizima mfano wa mchi, maana vya juu haviwezi kupenya ndani yake. Ni kama baraza la wazee: shahidi mmoja hatoshi kumaliza kesi.

7. MIAKA YENYEWE ILIPATIKANA WAPI?

Msomaji makini atauliza: "Sawa, vijumba vinatupa mfuatano. Lakini hiyo milioni 34 nani aliihesabu?"

Ni swali zuri. Visukuku vyenyewe havina tarehe. Miaka hupatikana mahali ambapo majivu ya volkano yaliangukia baharini, yakalala kati ya tabaka. Ndani ya majivu hayo mna madini ambayo hubadilika kidogo kidogo, kwa mwendo usiobadilika. Wataalamu hupima kiasi kilichokwisha badilika, nao hupata miaka.

Huko Massignano, nchini Italia, yako majivu ya namna hiyo karibu na tabaka ambalo Hantkenina anakoma. Mahali hapo pamechaguliwa kuwa kipimo cha dunia nzima. Sasa Hantkenina anapokoma katika mfinyanzi wa Pande, hatuhitaji majivu hapohapo. Kiumbe kilekile kimeshaunganisha Pande na Massignano, kama sarafu zilivyounganisha jalala lenu na la jirani.

8. FAIDA YAKE NI NINI?

Faida ya kwanza ni katika kutafuta gesi na mafuta. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam. Gesi hiyo imo katika mwamba wa mchanga wenye umri unaozidi miaka milioni 100, chini kabisa ya mfinyanzi mnene. Kisima kimoja cha baharini hugharimu mamilioni ya dola. Mchorongaji asiyejua yuko katika tabaka gani aweza kuacha kuchoronga kabla hajafika, au akaendelea wakati alikwisha pita. Fedha hizo zikipotea, zimepotea. Vijumba humwambia yuko wapi.

Njia hii ilipata nguvu huko Texas, Marekani. Wanawake watatu, Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, walifanya kazi katika makampuni ya mafuta. Wako wataalamu waliobeza kwamba vidude vidogo hivyo haviwezi kutaja umri wa mwamba. Mwaka 1925 wanawake hao walichapisha kazi yao, ikaonyesha kwamba vinaweza. Baada ya hapo makampuni mengi yalianza kutumia hadubini.

Faida ya pili ni kujua hali ya hewa ya kale. Chokaa ya vijumba hubeba alama za joto la maji ambamo kiumbe kiliishi. Mwaka 2001 wataalamu, pamoja na ndugu Singano, walionyesha kwamba katika zama zile bahari ya joto ya huku kwetu ilikuwa na digrii 28 hadi 32 au zaidi. Na ile miaka milioni 34 iliyopita ndipo barafu kubwa ilipoanza kutanda bara la kusini, Antaktika. Leo dunia inapata joto tena, na barafu inayeyuka. Anayetaka kujua joto na barafu vinavyokwenda pamoja, hana budi kujua kwanza kila tukio lilikuwa lini.

9. SISI TUFANYE NINI?

Wageni wakija kuchoronga au kuokota mawe, wapitie serikali ya kijiji. Tuwaulize kwa adabu: Mnatafuta nini? Mtachukua kiasi gani? Majibu tutayapata lini na kwa lugha gani? Sasa tunajua la kuuliza.

Tusiwafukuze kwa uvumi wa dhahabu. Tope lile haliuzwi kwa ratili. Thamani yake imo katika habari iliyo ndani yake, na habari hiyo ni ya ardhi yetu. Si vema wa mbali waijue, sisi tuliolala juu yake tusiijue.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mashapo: udongo, mchanga au mabaki yaliyotuama chini ya maji.
Tabaka: fungu moja la mwamba lililolala juu au chini ya jingine.
Kisukuku: mabaki ya kiumbe cha kale yaliyohifadhiwa katika mwamba.
Kuchoronga: kutoboa ardhi kwa mtambo kwenda chini.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho.
Sampuli: sehemu ndogo ya kitu inayochukuliwa ili ichunguzwe.

ZOEZI LA KUNDI

1. Kwa nini rangi ya udongo haitoshi kutaja umri wake?
2. Sampuli moja ina Hantkenina, lakini haina Morozovelloides. Umri wake uko kati ya miaka mingapi na mingapi?
3. Tabaka moja la jalala lina heleri tatu na shilingi moja ya Tanzania. Je, laweza kuwa la mwaka 1910? Elezeni.
4. Kwa nini ni lazima kuandika kina cha kila sampuli?
5. Walio karibu na bahari, chukueni kijiko cha mchanga wa ufukweni. Uosheni, uanikeni, kisha muutazame kwa kioo cha kukuzia. Tafuteni vijumba vya duara vyenye vyumba vingi. Mkiviona, mjue viumbe vilivyovijenga ni ndugu wa wale waliotaja umri wa Kilwa.

Majibu ya swali la 2 na la 3: Swali la 2, kati ya miaka milioni 38 na milioni 34. Swali la 3, hapana. Shilingi ya Tanzania haikuwapo kabla ya mwaka 1966. Heleri ni za zamani, lakini kilicho kipya zaidi ndicho kinachoamua.